Mistari Minne ya Jiwe la Mutua

Asubuhi hiyo tulikuwa tunachota maji mtoni kule Tseikuru. Nasema mtoni kwa kujipa moyo tu, maana mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Unachimba mpaka mkono unazama hadi begani, unangoja maji yajikusanye, unateka kata moja, kisha unangoja tena. Kazi ya namna hiyo inataka mtu wa kuchangamsha, na pale mtoni mtu huyo alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sijaolewa, jambo ambalo wenzangu hawakuniacha nikalisahau.

"Mbula, mdomo huo nani atauoa?" akasema Kavata, jirani yetu.

Nikamjibu kwa wimbo, papo hapo, kuhusu mumewe anavyokoroma mpaka mbuzi wanavunja zizi. Wanawake walicheka, mmoja akaangusha kata yake ndani ya shimo. Kavata mwenyewe alicheka kuliko wote. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na hiyo ilikuwa miaka ya kwanza kwanza ya uhuru.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa ngui, yaani mtunzi anayetangulia kuimba na wengine wakamwitikia. Mimi ndiye niliyemrithi. Nyimbo za mchezo ungeweza kuzirefusha upendavyo, ukamsema mtu hata kesho yake akapita njia nyingine. Lakini wimbo wa marehemu aliyeuawa ulikuwa na sheria yake: mistari minne, basi. Wa kwanza unamtaja mama yake. Wa pili, alichofanya. Wa tatu, alipolala. Wa nne, alichotuachia. Nyanya alikuwa mkali hasa kwa ule wa tatu. Alisema mtu aliyezikwa porini anarudishwa nyumbani na wimbo, na wimbo hauwezi kumrudisha kama hujasema unamtoa wapi. Mimi niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza.

Mwaka huo watu wenye bunduki walikuwa wakivuka mto Tana na kuingia kwetu. Tuliwaita mashifta wote, mwenye vita vyake na serikali na mwizi wa ng'ombe tu, kwa sababu ukiwa mbele ya bunduki huulizi. Walikuja asubuhi mifugo inapofunguliwa. Aliyewapisha walimpita. Aliyesimama walimwacha chini.

Basi wazee wakaamua ng'ombe waliobaki wapelekwe mafichoni. Nyuma ya vilima viwili kulikuwa na mwamba mkubwa wenye shimo lililohifadhi maji ya mvua, na vichaka vya miiba vilikuwa vimeuzunguka pande zote. Hapakuwa na njia ya kufika huko. Hapakuwa na jina hata. Tulisema "kule" tu, na kila aliyepaswa kujua alijua kule ni wapi. Aliyepewa kazi ya kulinda ng'ombe huko alikuwa kaka yangu Musyoka, wa pekee niliyekuwa naye, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alizoea kusema maneno yake yote nilikuwa nimeyachukua mimi tumboni.

Wa kwanza kufa kwa ajili ya ng'ombe hao alikuwa Mutua, kijana wa jirani mwenye miguu mirefu. Alikuwa akipeleka kundi la mwisho kule alipowaona mashifta kwa mbali. Akamwachia mwenzake ng'ombe, akatoka mbio kwenye uwanda, upande wa pili kabisa, akipiga kelele ili wamfuate yeye. Walimfuata. Risasi ilimwingia nyongani. Alijificha mpaka wakachoka kumtafuta, kisha akajikokota hadi kwenye mwamba, na adhuhuri ya siku ya pili alikata roho mikononi mwa Musyoka. Walimzika hapo hapo.

Wimbo wake niliutunga nikitwanga mahindi. Niliuimba kwa Kikamba, na kwa Kiswahili unapungua utamu, lakini ulisema hivi:

Mutua wa Kalunde, mbio zako zilikuwa ngao,
uliwavuta wenye bunduki mbali na ng'ombe wetu.
Umelala Jiwe la Mutua, nyuma ya vilima viwili,
na maji ya jiwe hilo ng'ombe wetu bado wanayanywa.

Mama yake, Kalunde, alinishika mikono yote miwili. Na huo wimbo ukaondoka! Ulikuwa mfupi na sauti yake rahisi, hata mtoto aliushika mara moja. Wanawake waliuimba mtoni, wachungaji wakaupeleka mbele. Siku ya soko nilisikia watu nisiowajua, wauza kamba waliotoka mbali, wakiuimba huku wakisokota. Nilivimba kichwa, sitaficha. Na pale mahali pasipokuwa na jina, kila mtu sasa alipaita Jiwe la Mutua.

Mtu mmoja tu hakuupenda. Athmani alikuwa na duka pale sokoni. Wazee wake walitoka pwani, yeye alizaliwa Kitui mjini, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko hata cha mwinjilisti wetu. Siku moja nilikwenda kununua chumvi. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa amekaa mlangoni akinyonyesha.

"Dada Mbula," Athmani akasema, "wimbo wako mzuri. Lakini una njia ndani yake."

"Njia gani?"

"Mimi sijawahi kufika kule. Leo kwa kuusikiliza tu ningefika. Vilima viwili, jiwe, maji, ng'ombe. Vitoe hivyo vilima."

Ai! Damu ikanipanda. Mtu wa kupima sukari anifundishe mimi kazi ya nyanya yangu?

"Kwani wewe unataka kufika huko ukafanye nini?" nikamuuliza, kwa sauti, ili wateja wengine wasikie.

"Sitaki kufika. Nakwambia tu kwa sababu watu wenu wako huko."

"Wimbo wa marehemu haupunguzwi, Athmani. Kwenu labda mnapunguza."

Alitikisa kichwa, akanifungia chumvi yangu kwenye karatasi. Mama Zuhura alinitazama mpaka nikatoka.

Ingeishia hapo, lakini mimi nilikuwa na hasira. Kesho yake mtoni nikawaambia wenzangu, "Mnajua Athmani ananiuliza habari za Jiwe la Mutua?" Sikutunga uongo. Niliyasogeza maneno kidogo tu, kama mtu anavyosogeza kigoda apate kukaa vizuri. Kavata akaguna. Mwingine akasema, "Si hata anaswali kama hao mashifta." Nikaacha maneno hayo yapite, kwa sababu yalinifurahisha.

Zikapita wiki tatu hivi.

Siku hiyo zamu ya kupeleka chakula kule ilikuwa yangu. Nilitoka alfajiri na kibuyu cha uji na muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ndani ya kiondo, nikafika jua limeshapanda. Musyoka alikuwa na mwenzake Nzioka, wakikamua.

"Umeleta chumvi?" akaniuliza.

"Nimesahau."

"Umesahau chumvi, nyimbo hujasahau."

Nzioka akacheka. Nikachukua kibuyu kingine, nikazunguka nyuma ya mwamba kuteka maji. Nilikuwa bado natabasamu.

Mlio wa kwanza nilidhani ni jiwe limepasuka.

Wa pili nikajua.

Chini ya mwamba palikuwa na ufa, mahali mbuzi hujificha jua. Nilijisukuma humo kwa tumbo. Kibuyu kiliniponyoka, maji yakamwagika, nikaona yanavyoelekea nje na nikafikiri, watauona huu unyevu.

Nikaona miguu. Viatu vya mpira wa gari. Jozi tatu, kisha nyingine nyingi.

Nzioka alikuwa ameanguka kifudifudi, mkono mmoja ndani ya ndoo ya maziwa.

Mmoja wao akasema, kwa Kikamba, na Kikamba chake hakikuwa kibaya, "Ndipo hapa. Jiwe la Mutua. Na maji yale pale."

Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyefika sokoni. Wengi wao walikuwa wamechunga kwetu na kufanya biashara kwetu miaka mingi kabla ya taabu hizo, kwa hiyo lugha haikunishtua. Kilichofuata ndicho kilichonishtua.

Alipiga mluzi. Mstari wa tatu. Sauti ya wimbo wangu, bila kukosea.

Musyoka alikuwa na upinde tu. Nilisikia kamba ya upinde ikilia mara moja, mtu akapiga yowe, halafu bunduki zikajibu pamoja. Akaangukia upande wa mwamba niliokuwa mimi. Nilimwona bega na nusu ya uso. Alikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa nywele.

Macho yake yaliniona ndani ya ufa.

Akayageuza, akatazama upande wa pili.

Alimwita mama, mara mbili. Mimi hakuniita. Alikuwa anaumia, alikuwa anakufa, na dada yake yuko pale pale, na hakuniita.

Wakachukua ng'ombe wote. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu ng'ombe hawakutaka kumruka Nzioka. Vumbi lilipotulia nikatoka, nikamfunga kaka yangu kidevu kwa kitambaa changu cha kichwa, nikakimbia nyumbani.

Niliwaambia wamekuja, wameua, wamechukua kila kitu. Nililia vilio vyote. Mluzi sikuusema.

"Nani amewaonyesha?" akauliza Kilonzo. Huyu alikuwa kiongozi wa askari wa kijiji, mtu mzima, na Nzioka alikuwa mtoto wa dada yake. "Hakuna njia kule. Nani amewaonyesha?"

Kavata akasema, "Si Athmani alikuwa anauliza? Mbula mwenyewe alituambia."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema tu, hapana, hakuuliza, alinionya. Nikanyamaza. Mimi, Mbula, niliyekuwa na jibu la kila mtu, nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Alasiri hiyo walivunja duka. Athmani walimfunga kwa kamba ya katani, mikono nyuma. Naibu wa chifu hakuwepo, alikuwa ameitwa wilayani, na yeye ndiye pekee ambaye angewazuia. Wakasema watamleta mazishini kwanza awaone aliowaua, kisha watamteremsha mtoni. Hakuna aliyeuliza mtoni kufanya nini. Kila mtu alijua, na kusema kweli watu wema kabisa, watu wa kanisa, walikuwa wanasubiri.

Miili ililetwa kwa punda. Asubuhi iliyofuata tulianza na Musyoka, nyumbani kwetu. Athmani walimfunga kwenye nguzo ya ghala letu. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Muulizeni Mbula nilimwambia nini," akasema. "Muulizeni yeye."

Kilonzo akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Damu ikamtiririka kidevuni, akatema jino. Mama Zuhura alikuwa nje ya uzio na mtoto mgongoni. Alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama mlangoni pa duka lake, na mimi nilijua anajua.

Mwinjilisti akaomba, akafunga Biblia yake, akarudi nyuma. Hapo ikawa zamu yangu. Kwetu wimbo wa marehemu unaimbwa kaburi likiwa wazi, na udongo unaanza kuingia mstari wa kwanza unapotoka. Mtunzi hakatizwi mpaka amalize wa nne, awe nani anayetaka kumkatiza. Na udongo ukishafunika imekwisha. Mtu mmoja, wimbo mmoja. Hakuna kurudia.

Wimbo wa Musyoka nilikuwa nao tayari. Nilikuwa nimeutunga nikiwa nimekaa kando ya mwili wake, na sijawahi kutunga mwingine mzuri kama ule. Mstari wa pili ulisema alivyogeuza macho yake nisionekane, alivyomwita mama na hakuniita mimi. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua jambo hilo isipokuwa mimi. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi akingoja kulisikia, ingawa hakujua analingoja.

Nikamtazama Athmani pale nguzoni. Nikawaza: nikisema kwa maneno ya kawaida Kilonzo ataniambia ninyamaze, huzuni imenipanda kichwani. Watanishika mikono wanipeleke ndani nilale. Wakati huo yeye wanamteremsha. Mahali pekee ambapo hawangeweza kunifunga mdomo palikuwa hapo, na nilikuwa na mistari minne tu, na mistari hiyo ilikuwa ya kaka yangu.

Nikafungua kinywa. Wa kwanza ukatoka kama nilivyoutunga. Ile mingine sikuwa nimeitunga.

Musyoka wa Mwende, ndugu yangu wa tumbo moja,
aliyekuua ni wimbo wangu, si mwenye duka.
Niliwapa jiwe, maji na vilima, wakaja wakiupiga mluzi;
Athmani alinionya nikamcheka. Mfungueni.

Wanaume waliokuwa na koleo walikuwa wameendelea kutia udongo, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nilipomaliza kaburi lilikuwa limeshafunika jeneza. Hakuna aliyeniitikia.

Kilonzo akasema, "Umesema nini wewe?"

"Umenisikia."

"Uliusikia huo mluzi kwa masikio yako?"

"Nilikuwa chini ya mwamba. Nilimsikia akipataja mahali hapo kwa jina nililolitunga mimi, halafu akaupiga. Athmani aliniambia nitoe vilima. Nilikataa, halafu nikamsingizia mtoni. Kavata yuko hapa, mwulizeni niliyasema vipi."

Kavata akajifunika uso kwa leso. Kilonzo akanikaribia, bunduki ikining'inia, na mimi nikafikiri sasa atanipiga mimi, na nilitaka anipige. Hakunipiga. Alichomoa kisu, akaenda ghalani akakata kamba. Athmani alianguka kwa magoti. Mkewe akaingia kwenye uzio wetu bila kumwomba mtu ruhusa, akamwinua.

Kesho yake walipanda lori, wakaenda Mwingi kwa ndugu zao na vitu vichache vilivyobaki. Hakuniaga wala kunishukuru, na angenishukuru kwa nini? Nilimwona tu akisaidia watoto kupanda, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Hatukuwa na duka tena kwa miaka mingi, na tulistahili.

Kalunde alikuja kuniuliza kama anaruhusiwa bado kuuimba wimbo wa mwanawe akiwa peke yake nyumbani. Nikamwambia auimbe. Sikumsikia akiuimba tena, wala mtu mwingine.

Na mama? Jioni ya siku ile ya mazishi alikuwa akipepeta mtama, kwa sababu wageni walipaswa kula. Nilikaa karibu naye. Alipepeta ungo mzima kabla ya kusema.

"Athmani ana watoto wadogo. Umefanya vizuri."

"Ndiyo, mwaitu, mama yangu."

"Lakini leo umejiimba wewe. Mwanangu amekwenda na nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Afadhali angeuliza kwa ukali.

Miaka mitatu baadaye niliolewa huku Kilungu, mahali pa vilima vya kijani na machungwa, ambapo watu wakisema vita wanamaanisha kitu walichosikia redioni. Mume wangu ni mtu mwema. Hapa wananijua kama mama wa kwaya ambaye anapanga sauti vizuri lakini hatungi. Mama alizeeka akaja kukaa nasi. Tulizungumza habari za kila kitu, mvua, wajukuu, maembe yaliyoingia wadudu. Habari za Musyoka tulizikwepa.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, siku moja mchana nilikuwa nikimlisha uji, nikaweka bakuli chini nikamwambia. Nilimwambia Musyoka aliniona ndani ya ufa, akageuza macho. Kwamba alimwita yeye mara mbili, na mimi hakuniita, na ndiyo maana niko hai. Nilikuwa sijamwambia miaka yote hiyo kwa sababu jambo lile lilikuwa mstari wa wimbo, na kulisema hivi hivi niliona kama kumwibia Musyoka mara ya pili.

Mama alinisikiliza amefumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni.

"Liimbe," akasema.

"Udongo ulishafunika, mwaitu."

"Mimi ndiye mama yake. Liimbe."

Nikajifuta pua. Nikaanza. Wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Kisha ukafika wa tatu, wa kusema alipolala, nikakwama. Nilijua maneno. Nilijaribu mara tatu. Kila nilipotaka kutaja mahali, ingawa ni nyumbani kwetu tu, nilisikia mluzi wa yule mtu, na hewa inakwisha.

Mama alingoja. Nje kuku walikuwa wakiparua, mtu akapita njiani akisukuma mkokoteni. Mwishowe akanishika kifundo cha mkono.

"Basi, acha," akasema. "Nitamwambia ulijaribu."

Alikufa wiki hiyo hiyo. Musyoka hana wimbo mpaka leo.